UZI: Santuri za roki za zamani, bei imepanda kweli au tunadanganyana?

Sindano Butu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, leo nimepata nafasi ya kukaa. Kila baada ya siku chache anatokea mtu na swali lilelile: "Nimeachiwa santuri za mzee, kuna Beatles, kuna Pink Floyd, kuna Led Zeppelin, zote za miaka ya 60 na 70, niuze bei gani?" Anajibiwa kwa namna mbili. Wa kwanza anamwambia ameokota dhahabu. Wa pili anamwambia takataka hizo, kagawe. Na wote wawili hawajaishika hiyo santuri mkononi.

Mimi mwenyewe nilianzia hapohapo. Mjomba alipofariki niliachiwa katoni mbili, santuri 64. Usiku wa kwanza nilikaa na simu, nikaandika jina la albamu moja baada ya jingine, kila moja nikachukua bei ya juu kabisa niliyoiona, nikajumlisha. Nililala tajiri. Wiki tatu baadaye, nilipojua ninachokitazama, thamani halisi haikufika hata sehemu ya kumi ya hesabu ile. Hakuna aliyeniibia. Nilikuwa nimejumlisha bei za santuri za watu wengine.

Albamu haina bei, wakuu. Yenye bei ni nakala uliyoishika: ilichapwa wapi, lini, kwa bati gani, na imetunzwaje.

Chukua The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd. Ilitoka Machi 1973 na tangu hapo imechapwa nchi nyingi na mara nyingi mno, kwa hiyo kuwa na nakala ya zamani peke yake si habari. Anayoitafuta mkusanyaji ni ya kwanza ya Uingereza, iliyotoka kwa jina la Harvest, namba SHVL 804, ambayo katikati ya lebo yake (ile karatasi ya duara katikati ya santuri) ile pembetatu imejazwa rangi ya buluu. Zilizofuata zina pembetatu ya mistari mitupu. Ndani ya jalada yawepo mabango mawili na vibandiko viwili. Ya mjomba ilikuwa na pembetatu ya mistari, bango moja, na vibandiko hakuna. Kimoja nilikuja kukikuta kwenye mlango wa kabati lake la nguo, kimekauka na kupasuka katikati. Alikibandika akiwa kijana, akafurahi. Sasa mnataka nimlaumu?

Kinyume chake ni Rumours ya Fleetwood Mac ya 1977 na Frampton Comes Alive! ya Peter Frampton ya 1976. Hizi zilinunuliwa na kila mtu. Rumours imeuza zaidi ya nakala milioni 40 duniani. Nakala ya mwaka uleule wa 1977 ni halisi, ni ya zamani, na bado si adimu hata kidogo. Ila hapa kuna jambo la kuchekesha: hizi mbili zilikuwa majirani kwenye boksi la bei ya kutupa, na leo Rumours imetoka mle, Frampton kabakia palepale. Wingi ni uleule. Tofauti ni kwamba vijana wa leo wanaisikiliza Rumours na wanaitaka ukutani. Zamani nilidhani uadimu ndio unaopandisha bei. Siku hizi naangalia kwanza nani anaitaka.

Sasa mwelekeo wa soko. Mmesikia takwimu za Marekani: 2020 mapato ya santuri yaliyapita ya sidii kwa mara ya kwanza tangu 1986, na 2022 hata idadi ikapita, santuri milioni 41 kwa sidii milioni 33. Kweli kabisa. Lakini hizo ni santuri MPYA. Hazisemi chochote moja kwa moja kuhusu katoni iliyo chini ya kitanda chako. Zilichofanya kwa mitumba ni kwamba mtu akiona toleo jipya la albamu linauzwa ghali, nakala iliyotumika yenye mikwaruzo miwili mitatu inaanza kuonekana nafuu. Ndiyo maana zile za kawaida, zenye majina makubwa, zilipanda. Wakati wa kujifungia ndani mwaka 2020 na 2021 zikapanda zaidi, watu wako nyumbani, fedha ya kutoka haina pa kwenda. Baadaye hewa ikapungua.

Ninavyoona mimi soko limepasuka vipande viwili. Juu kabisa, nakala za kwanza zilizo safi, bei inazidi kwenda. Katikati, yaani albamu nzuri, chapa (awamu ya uchapaji) ya pili au ya tatu, hali ya wastani, pamelala. Na katika katoni za wengi wetu vitu ni vya hapo katikati.

Kabla hamjauliza bei niwakumbushe mambo mawili. Kwanza, bei anayoomba muuzaji si bei. Ingieni Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuza santuri, tafuteni ukurasa wa chapa yenu hasa, si wa albamu kwa jumla, msome historia ya zilizouzwa: ya chini, ya kati na ya juu. Shikeni ya kati. Ya juu mara nyingi ni mtu mmoja aliyekuwa na haraka. Kwa minada kuna Popsike, tovuti inayohifadhi bei za santuri zilizouzwa mnadani.

Pili, hata mnada hudanganya. Mwaka 2002 mtu mmoja alinunua santuri ya majaribio ya bendi ya Velvet Underground kwenye soko la mitumba New York kwa senti 75. Mwaka 2006 aliipandisha mnadani eBay ikafika dola 155,401, magazeti yakaandika, kumbe aliyetaja bei ile hakuwa na nia ya kulipa. Ikarudishwa mnadani, ikauzwa dola 25,200. Ni fedha nyingi bado kwa kitu cha senti 75, lakini angalieni mwanya uliopo kati ya namba mbili hizo.

Naweka kituo hapa, nikirudi nitaeleza namna ya kusoma maandishi ya kwenye ukingo. Karibuni.

Kanda Mbili

Mkuu umeeleweka. Swali langu la haraka: kuna wanaosema santuri ni uwekezaji kama kiwanja. Ninunue zile mpya za toleo maalumu, nizifungie bila kufungua nailoni, baada ya miaka 20 niuze?

Sindano Butu (mleta uzi)

@Kanda Mbili hapana, kaka. Kitu kilichotengenezwa ili kikusanywe, kila aliyekinunua amekitunza. Miaka 20 ijayo mtakuwa maelfu mnaouza, wote na nailoni zenu. Nakala za kwanza za miaka ya 60 ni ghali kwa sababu hakuna aliyejua. Zilichezwa kwenye sherehe, zikamwagiwa vinywaji, zikakaliwa. Iliyotoka salama humo imepona kwa bahati tu.

Na nailoni si dhamana. Ile nailoni inayobana, ikikaa miaka mingi mahali penye joto, inalivuta jalada na santuri inapinda ikiwa ndani. Utafungua baada ya miaka 20 ukute sahani ya supu.

Mzee wa 45

Mleta uzi umeandika vizuri lakini kuna mahali umepita mbio. Unasema juu kabisa bei inazidi kwenda. Juu ya nini? Mimi nimekusanya roki ya miaka ya 50 tangu mdogo wako hajazaliwa. Elvis, doo-wop (nyimbo za vikundi vya sauti), zile santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Vitu ambavyo tulikuwa tunagombania leo vinakaa bila mnunuzi, ukiacha vichache vya juu mno. Kwa nini? Wenzangu waliokuwa wanavitaka wamezeeka, wengine wametangulia, na watoto wao wanauza vyote kwa mkupuo. Mtu hutafuta muziki wa ujana wake akishapata fedha, miaka 40, 50, 60 ya umri. Akipita, na bei inapita naye.

Sasa hesabu mwenyewe. Aliyekuwa na miaka 16 Dark Side inatoka amezaliwa 1957. Piga hesabu yuko umri gani leo, halafu uje uniambie bei inazidi kwenda.

Sindano Butu (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni nzito na siwezi kuikataa. Nitaongeza kitu kimoja tu: Elvis wa mwaka 1956 vijana wa leo hawamsikilizi kama wanavyosikiliza Led Zeppelin, Fleetwood Mac au Black Sabbath. Muziki wa hawa umerithiwa. Wanaonunua Rumours mitumba sasa wengi hawakuwepo 1977. Kwa hiyo nadhani wale wachache wakubwa watavuka, na bendi za daraja la pili za miaka ya 70, zile zilizojaza viwanja na leo hakuna anayekumbuka wimbo wao wa tatu, zitakwenda njia ya Elvis wako. Na katoni ya mjomba ina hizo 20 na ushei.

Mzee wa 45

Marahaba. Hapo tumekutana.

Binti Kava

Nyote mnaongelea sahani, jalada hamlitaji. Nusu ya thamani iko kwenye karatasi jamani.

Mfano mkubwa ni Yesterday and Today ya Beatles, kampuni ya Capitol, Juni 1966. Jalada la kwanza liliwaonyesha wamevaa makoti meupe ya wachinja nyama, wana mapande ya nyama na wanasesere waliokatwa vichwa. Wauza santuri walipoliona wakapiga kelele, kampuni ikayarudisha, na badala ya kuyatupa yote mengi yakabandikwa picha mpya juu yake, ile ya bendi wamezunguka sanduku kubwa la safari. Kwa hiyo kuna ambalo halikubandikwa kabisa, kuna lililobandikwa na bado limebandikwa, na kuna lililobanduliwa. Wakusanyaji wanaita hali ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ukilipata la picha ya sanduku, litazame kwenye mwanga eneo jeupe upande wa kulia: kama kuna kivuli cheusi chenye umbo la V, hiyo ni shingo ya fulana ya Ringo inayochungulia kutoka chini. Ukiiona, USIBANDUE. Narudia, usibandue. Lililobanduliwa vibaya ni kipande cha boksi tu, na yaliyosalia na picha juu yanazidi kupungua kila mtu anapojifanya fundi.

Halafu Sticky Fingers ya Rolling Stones ya 1971, ile yenye zipu ya kweli. Zikipangwa kwenye mzigo, zipu ya moja ilikuwa inaikandamiza santuri ya jirani yake, na wimbo uliokuwa unaumia ni Sister Morphine. Dawa waliyoipata ni kuishusha zipu kidogo kabla ya kusafirisha, ili kile kidude kikandamize lebo badala ya mifereji. Kwa hiyo hata leo ukiishika mitumba, isikilize palepale. Na usiipange rafuni ikigusana na kitu unachokipenda.

Mwisho, nina lalamiko. Mwezi uliopita nimenunua kwa muuzaji mmoja mtandaoni, simtaji. Kaandika jalada ni safi. Kaisafirisha santuri ikiwa NDANI ya jalada. Njiani inarukaruka, inafika imechana mshono wa juu kutoka pembe hadi pembe, imepasua kama kisu. Wauzaji mnaosoma hapa: toeni santuri, iwekeni nyuma ya jalada, halafu ndiyo mfunge. Ni dakika moja tu.

Sindano Butu (mleta uzi)

Dada umenisaidia kazi. Na kweli, mshono ukichanika ni hasara ya daraja zima.

Tukiwa hapo, madaraja ya hali ya santuri. Jarida la Goldmine la Marekani ndilo wengi wanalolifuata. Juu kuna Mint, yaani mpya kabisa, ambayo kwa mitumba mimi siiamini kabisa. Chini yake NM, inakaribia mpya. Halafu VG+, VG, G na P, iliyo mbovu kabisa. Herufi zinamchanganya mgeni: VG ni kifupi cha "nzuri sana" lakini sokoni maana yake ni imechoka, ina kelele utakazozisikia sehemu tulivu. G ni "nzuri", yaani mbaya. Kwa kanuni ya Goldmine, kama NM ni 100, VG+ ni 50 hivi, VG ni 25, na G ni 10 mpaka 15. Waingereza wana mizani yao ambayo kati ya Mint na VG kuna EX (bora), kwa hiyo VG ya Mwingereza na VG ya Mmarekani hazilingani. Ulizeni kabla hamjalipa.

Namna ninavyofanya mimi: nazima taa ya juu, nawasha taa ndogo ya mezani, naiinamisha santuri mpaka mwanga ulale juu ya mifereji. Mikwaruzo ya juujuu inaonekana kama nywele, mara nyingi haina sauti. Mkwaruzo ambao ukipitisha kucha taratibu unaihisi ikikwama, huo utausikia, tak, tak, tak, kila mzunguko. Na kuna ubaya usioonekana: sindano mbovu ya zamani imekwangua kuta za mifereji, uso unang'aa vizuri lakini sauti inakwaruza kila mwimbaji akipandisha. Huo hauna mwanga wa kuuonyesha, mpaka uicheze.

Roki Laini

Na hizi chapa mpya za gramu 180? Muuzaji kaniambia ni bora kuliko za zamani kwa sababu ni nzito.

Sindano Butu (mleta uzi)

Uzito ni uzito, mkuu. Mifereji haijui chini yake kuna unene gani. Kinachoamua sauti ni kanda iliyotumika, aliyechonga, na uangalifu wa kiwanda. Kweli miaka ya 70, hasa baada ya mafuta kupanda 1973, kampuni nyingi zilibana plastiki na santuri zikawa nyembamba, ndipo watu wakaanza kuuona unene ni ubora. Lakini nina nyembamba zinazoimba na nene zinazokoroma.

Na bei ya juu haikuhakikishii ulichoambiwa. Mnakumbuka mwaka 2022 ilipojulikana kwamba kampuni ya Mobile Fidelity, waliokuwa wanasifiwa kwa kuchonga moja kwa moja kutoka kanda halisi, walikuwa wanapitisha hatua ya dijitali katikati? Wateja waliokuwa wakiapa kwamba masikio yao yanaitambua dijitali hata ikiwa chumba cha pili walikuwa wamezisikiliza santuri hizo miaka na kuzisifu. Kesi ilikwenda mahakamani Marekani ikaishia kwenye maelewano ya malipo. Nilicheka, halafu nikakumbuka na mimi ninazo mbili.

Kanda Mbili

Hahaha. Ukingo sasa, uliahidi.

Sindano Butu (mleta uzi)

Haya, hapa ndipo ninapopapenda, mnivumilie.

Wimbo wa mwisho ukiisha kuna ukanda laini kabla ya lebo. Mimi nauita ukingo mtupu. Humo kuna namba na herufi, nyingine zimegongwa kwa chapa, nyingine zimekwaruzwa kwa mkono. Jalada linaweza kubadilishwa, lebo zinachanganya, lakini ukingo umechapwa pamoja na muziki wenyewe.

Kwa nini upo? Fundi anachonga muziki kwenye sahani laini ya lakaa. Hiyo inapakwa chuma, inabanduliwa, linapatikana bati la kwanza lenye mifereji iliyogeuka, wanaliita baba. Baba anazaa mama, mama anazaa mihuri, na mhuri ndio unaokandamiza plastiki. Mhuri unachoka, unabadilishwa. Kwa hiyo kiwanda kinahitaji kujua mhuri upi umetoka kwa mama yupi, ndiyo wanaandika.

EMI ya Uingereza, iliyochapa Beatles na Pink Floyd, ilikuwa na mtindo mtamu. Iweke santuri ili namba kuu ya ukingo iwe chini, saa sita za sahani ya saa... samahani, mkono wa saa kwenye 6. Kwenye 9 utakuta tarakimu: hiyo ni namba ya mama. Kwenye 3 utakuta herufi: huo ni mhuri, umeandikwa kwa fumbo la neno GRAMOPHLTD. G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9, D ni 0. Ukiona 1 kwenye 9 na G kwenye 3, umeshika nakala iliyotoka kwenye mama wa kwanza na mhuri wa kwanza. Mimi sijawahi kuiona kwa macho.

Mwingine wa kumtafuta ni Led Zeppelin II ya 1969, chapa ya Marekani yenye herufi RL. Hizo ni za fundi Robert Ludwig, aliyeichonga kwa sauti kubwa na besi nzito. Inasimuliwa kwamba binti wa mkubwa wa kampuni ya Atlantic aliicheza kwenye mashine ya bei nafuu, sindano ikaruka, baba akaamuru ichongwe upya kwa upole. Basi ile yenye RL pande zote mbili bei yake na ya dada yake aliyechongwa upya haziko sayari moja, na majalada ni yaleyale! Led Zeppelin ya kwanza, ya Uingereza, ni rahisi zaidi: maandishi ya jaladani ya kijani-buluu ndiyo ya mwanzo, yakaja kuwa ya rangi ya chungwa.

Kwa upande wa Beatles, nakala ya Please Please Me ya 1963 yenye lebo nyeusi ya Parlophone na maandishi ya dhahabu ni ndoto ya wengi, na ikiwa ya stirio (sauti ya njia mbili) ndiyo haipatikani kabisa, kwa sababu wakati ule karibu kila mtu alinunua mono (sauti ya njia moja). Miaka mitano mbele mambo yakageuka. Marekani mwaka 1968 mono zilikuwa zinakwisha, ndiyo maana Axis: Bold as Love ya Jimi Hendrix katika mono ya huko ni ghali na stirio yake ni ya kawaida. Kwa hiyo msikariri kwamba mono ni bora au stirio ni bora. Ulizeni mwaka ule walinunua nini, kilichokataliwa wakati ule ndicho kinatafutwa leo.

Jihadharini na bandia pia. Introducing... The Beatles ya kampuni ya Vee-Jay, 1964, imeghushiwa kuliko nyingi. Kwenye lebo, kama jina la albamu liko juu ya tundu na jina la bendi liko chini yake, irudishe ulipoitoa. Kwenye halali yote mawili yako juu.

Gitaa Kavu

Mbona hamuigusi roki ya Zambia? Zamrock ya miaka ya 70: WITCH, Amanaz, Ngozi Family, Chrissy Zebby Tembo. Nakala za awali zilichapwa chache, zikachezwa mpaka zikaisha, na leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazipigania kuliko Zeppelin nyingi tu. Na chapa mpya zilipotoka, za mwanzo hazikushuka. Watu wakasikia muziki, wakaanza kuitaka asili.

Sindano Butu (mleta uzi)

@Gitaa Kavu kweli, na hilo linajibu swali la wengi. Toleo jipya huua bei ya nakala ambayo watu waliinunua ili wausikie tu muziki. Ile inayotafutwa kwa sababu ni ya kwanza, toleo jipya linaipigia debe. Ukifungua uzi wa Zamrock niite, nije kusoma.

Ugeni Njema

Habari za humu. Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Nimetoka kuikagua santuri moja ya baba, Abbey Road, lebo ya tufaha, PCS 7088. Nimetumia tochi ya simu. Upande wa kwanza umeandikwa YEX 749-2, kushoto kuna 1, kulia GP. Upande wa pili YEX 750-1, kushoto 2, kulia RA. Nimeshika dhahabu au takataka?

Sindano Butu (mleta uzi)

Karibu sana mkuu, na umesoma vizuri kuliko wakongwe wengi. Namba -2 na -1 ndizo za mwanzo kwa chapa ya Uingereza, 1969. GP ni 1 na 6, mhuri wa 16 kutoka mama wa kwanza. RA ni 2 na 3, mhuri wa 23 kutoka mama wa pili. Angalia pia lebo ya upande wa pili kama wimbo Her Majesty umetajwa. Usipokuwepo ni dalili nyingine nzuri.

Lakini tulia. Abbey Road za mwanzo zilichapwa nyingi sana kwa sababu walijua itauzwa. Sasa hali yake inabeba kila kitu. Taa ya mezani, uinamishe, uniambie.

Ugeni Njema

Her Majesty haupo kwenye lebo. Upande wa pili safi, nywele chache. Upande wa kwanza kuna mkwaruzo umekatiza Something, kucha inakwama. Jalada pembe moja imeliwa na panya.

Binti Kava

Panya wana ladha nzuri.

Sindano Butu (mleta uzi)

VG kwa upande wa kwanza, tena kwa huruma, na jalada G. Kwa kanuni ya Goldmine uko kwenye robo ya bei, na panya amekata tena hapo. Kabla hujaandika tangazo ioshe kwanza: maji yaliyochujwa, tone la sabuni, kitambaa laini, fuata mifereji usiikate, na lebo usiiloweshe. Wakati mwingine nusu ya kelele ni uchafu. Halafu icheze, uniambie kama sindano inaruka au inapita na tak tak tu. Ikiruka bei inabadilika tena.

Ugeni Njema

Nimeosha. Inapita. Tak tak mara kumi na moja, nimehesabu, kisha kimya. Mama kaja kutoka jikoni akauliza ni nani kaitoa hiyo, kakaa. Hajaondoka mpaka sasa, tuko upande wa pili. Bei nitaulizia wiki ijayo.